Nani Alinituma Kule?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka saa ya chai. Meza ya Mbishi imeshafutwa na kiti chake kimesukumwa ndani. Nimetandaza mwavuli wangu sakafuni, pale miguu yake ilipozoea kukaa. Hakuna aliyelalamika.

Jumanne, 4 Machi

Mama yangu huwaambia watu kwamba binti yake ni mwandishi, na wakimuuliza vitabu gani, hubadilisha mazungumzo. Mimi naandika programu. Programu yetu ina kazi moja: mtu akipiga simu ya dharura, itafute gari la wagonjwa lililo karibu naye, ichague hospitali, kisha imwambie dereva pa kwenda. Wapokea simu wako ghorofa ya chini. Huku juu tulikuwa wawili, mimi na Mbishi, meza zimegusana kwa miaka tisa. Sasa tumebaki mimi na feni.

Jina la Mbishi nilimpa mimi, wiki ya kwanza tu. Naye akaniita Mama Vipande, kwa sababu kila programu nikiiona nataka kuikatakata. Ameacha kazi Ijumaa iliyopita. "Nimechoka tu, jamani," alisema, akatukumbatia mmoja mmoja, akashuka ngazi taratibu, mkono kwenye reli, kama bibi harusi anayepigwa picha. Hakugeuka nyuma. Tulikuwa tumegombana siku mbili kabla, na naamini ugomvi huo ndio uliomwondoa.

Ugomvi wenyewe ni huu. Msimu uliopita, ramani ilikufa katikati ya mvua kubwa, na kwa kuwa ndani ya programu yetu kila kitu kimeshikana na kila kitu, programu nzima ikafa nayo. Wapokea simu wakabaki wanaandika anwani kwenye viganja vyao. Bosi akasema: kabla mvua kubwa hazijarudi, ipangeni upya. Ifanye kazi ileile, ila ndani isimame vizuri.

Mimi nikasema tuitenganishe. Kipande cha simu, cha ramani, cha magari, cha hospitali, kila kimoja kikae chumbani kwake, kisimjue jirani. Chenye habari kiache ujumbe kwenye foleni ya katikati, na kinachohusika kitauokota kwa wakati wake. Kimoja kikifa, vingine viendelee.

Mbishi akasema hapana. Tuache vipande vichache, tukipe kila kimoja mlango mmoja mdogo. Anayetaka jambo apige hodi, aulize, ajibiwe.

"Sijali vimeshikana kiasi gani," alisema. "Nataka mtu akiusoma mlango aelewe mara moja kuna nini ndani."

"Na anayeulizwa akiwa amekufa? Muulizaji si atasimama mlangoni mpaka naye afe?"

"Na kama hakuna anayeuliza, nani atajua kuna aliyekufa?"

Nikamsogezea mchoro wangu asome, nikamwambia anaogopa mabadiliko, amezeeka kabla ya wakati. Akafunga kompyuta yake, akanyamaza. Mbishi kunyamaza! Ilinipasa nishtuke.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimekata kipande cha ramani. Kimetoka kama jino bovu: damu kidogo, raha nyingi.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu amepiga. Kila Jumapili hunipigia huku anafanya kitu kingine. Leo alikuwa anamsuka mwanawe.

"Uko salama, dada?"

Niko salama.

"Unakula?"

Nakula. Mtoto akalia, simu ikaisha. Tangu Ijumaa sijaongea na mtu mwingine, nikimtoa muuza duka wa chini ya nyumba yetu, ambaye aliniambia, "Mkate umekwisha."

Alhamisi, 13 Machi

Ni jambo geni kushinda kila hoja. Zamani nikitaka kukata kitu, nilikuwa nakitetea mpaka koo linakauka; Mbishi anakunja uso, anasogeza kiti, ananipeleka mchakamchaka hadi jioni. Leo nimekivunja kipande cha magari kuwa vitatu na hakuna aliyeguna. Nilipomaliza nilijikuta nimegeukia upande wake, midomo wazi, majibu yote tayari.

Jumanne, 18 Machi

Kuna kero moja. Kipande kisichomjua msikilizaji wake lazima kiseme kila kitu, maana hakijui nani atataka nini. Zamani hospitali ilikuwa inaulizwa jambo moja tu, kama iko wazi. Sasa ujumbe wake una mambo mengi mpaka nimeyachora ukutani kwa kalamu ya rangi, na mishale. Vipande vimekuwa vyepesi, milango imekuwa minene. Ndiyo bei yake, najiambia.

Nimeupiga picha ule ukuta nikamtumia Mbishi. Chini nimeandika: "Ona ulichokosa."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kutwa. Hajajibu.

Jumatano, 2 Aprili

Tumewasha programu mpya. Nimeshuka na bosi, tukasimama nyuma ya wapokea simu, roho juu. Hawakuona tofauti yoyote, na katika kazi yetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

"Dada, umetutoa mbali," bosi akasema, akaangalia saa, akaenda kikaoni.

Nilikuwa nimenunua keki. Nimekula kipande kimoja nimesimama dirishani, iliyobaki nimempelekea mlinzi wa getini. Aliuliza kama ni siku yangu ya kuzaliwa. Nikasema ndiyo, ili mambo yawe mafupi.

Jumanne, 8 Aprili

Iliyonyesha leo haikuwa mvua, ilikuwa ugomvi. Kabla ya saa sita ramani ikafa, kama mwaka jana. Nilishika meza kwa mikono miwili.

Na simu zikaendelea! Wapokea simu waliandika mitaa kwa maneno, magari yakaondoka, hospitali zikachaguliwa. Kipande cha ramani kimejilalia chumbani kwake na hakuna aliyejikwaa juu ya maiti. Bosi alipanda ngazi mbilimbili, koti limelowa bega moja, akanipa mkono kama mkuu wa shule anayemzawadia mwanafunzi.

Alasiri ramani ikaamka na kumwaga kwenye foleni kila ujumbe uliokuwa umeikwama kooni, mamia kwa mamia. Nilikaa naitazama foleni ikipungua taratibu kama maji ya beseni, na nilikuwa na furaha.

Nilitaka kumpigia Mbishi. Nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Ningemwambia nini? Nimeshinda? Kushinda bila aliyeshindwa hakuna ladha.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi alikuja mwanamume mrefu, koti la mvua likichuruzika kwenye vigae, kofia mkononi. Ni dereva wa gari la wagonjwa. Sikuwahi kumwona dereva hata mmoja uso kwa uso. Kwangu wao ni vidoti vinavyotembea kwenye skrini.

"Samahani, mama. Chini wameniambia ile sauti inatokea huku."

"Sauti gani?"

"Ya kwenye gari. Inayosema nenda huku, nenda kule."

"Ndiyo, ni huku. Karibu ukae."

Hakukaa. "Jana, nani alinituma kule?"

Nikamuuliza kule wapi. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyeisimulia habari hiyo usiku kucha kichwani. Alimchukua fundi seremala aliyeangukiwa na ukuta wa karakana, mguu umevunjika vibaya. Sauti ikasema hospitali ya bondeni. Akaenda.

"Maji yako magotini, mama. Geti limefungwa. Mlinzi amesimama juu ya benchi ananipungia: rudi, rudi, tumefunga kitambo! Nikageuza. Kuipanda ile barabara, magari yote yamesimama, kila mtu anapiga honi. Yule bwana huko nyuma alikuwa anapiga kelele, halafu akaacha. Hapo ndipo nilipoogopa. Kelele unazizoea."

"Amekufa?"

"Mzima. Mguu wameukata." Akaigeuza kofia mkononi. "Daktari anasema huenda ungekatwa hata ningewahi. Huenda. Mimi sikuja kugombana, mama. Mkewe ananiuliza nilimpeleka kule kwa nini, na mimi sina la kumjibu. Nataka kujua tu."

Nikamvutia kiti cha Mbishi, safari hii akakaa. Nikafungua kumbukumbu za programu, nikazifuata mstari kwa mstari huku nikimweleza. Hospitali ilisema mara tu ilipofunga, alasiri, ramani ikiwa imeshaamka. Kipande chake kikaacha ujumbe kwenye foleni bila kuchelewa. Foleni ikauweka kwa zamu yake, nyuma ya mamia ya ujumbe wa ramani. Kipande cha magari kikaangalia habari za mwisho kilizonazo: hospitali ya bondeni, wazi. Kipande cha sauti kikasoma kilichopewa.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila kimoja kilifanya kazi yake sawasawa."

"Sijauliza nani alikosea," alisema, bila hasira hata chembe. "Nimeuliza nani alinituma."

Nikarudi tena, sasa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nilikuwa natafuta mahali pamoja ambapo kitu kimoja kiliamua, mtu huyu aende kule, na kabla ya kuamua kikauliza, mtampokea? Hapakuwa na mahali hapo. Mwezi mzima nilifanya kazi ili pasiwepo.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekutuma."

Nikadhani atasema neno baya, na ningelipokea. Lakini uso wake ulilegea kidogo.

"Haya, mama. Angalau nitamwambia ni mtu."

Akavaa kofia iliyolowa, akashuka. Kiti kimebaki na maji. Sijakifuta.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemweleza bosi kila kitu. Alijikuna kidevu, akasema, "Ongeza ukaguzi." Wakati naongeza, wapokea simu wanapigia kila hospitali wenyewe kabla ya kulituma gari. Sauti zao zimekauka. Ninapopita kwenda msalani hawaniangalii, au ni mimi nisiyewaangalia.

Jumapili, 13 Aprili

"Uko salama, dada?"

Nikasema hapana. Kwa upande wake nilisikia bomba la maji linafungwa, kitambaa kinawekwa chini. Kisha kimya chake chote kikawa changu. Nimemsimulia kuhusu yule fundi. Hakuelewa habari za foleni, wala hakujifanya ameelewa.

"Na yule mwenzako wa ubishi anasemaje?" akauliza.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeongeza ukaguzi. Kisha ukaguzi ukahitaji kuangaliwa kama uko hai, kwa hiyo nimeongeza mkaguzi wa mkaguzi. Jioni nimejaribu kuifuata safari ya ujumbe mmoja kichwani mwangu, bila kuangalia ukuta, nikapotea. Programu niliyoiandika mwenyewe, nimepotea ndani yake kama mgeni mjini.

Nimempigia Mbishi. Inaita, haipokewi. Nimetazama ile picha ya mwezi uliopita: bado haijafunguliwa. Ananikasirikia kiasi hicho.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Simu inaita, haipokewi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kwake. Nilipiga moyo konde, nikavaa viatu vya mpira, nikaenda. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba nzima: kwamba kukasirika ni haki yake, ila huku nje kuna watu wanabebwa kwenye magari.

Kaka yake alinifungulia. Miaka yote hiyo nilijua ana kaka, sikujua wanaishi pamoja. Akasema, "Karibu, dada, yuko ndani," akashusha sauti: "Jitambulishe unapoingia."

Nikaona ni maneno ya ajabu. Mbishi alikuwa amekaa mezani, taa imewashwa mchana kweupe, imevutwa karibu na uso wake kama ya sonara. Aliinua kichwa, akanitazama. Akaendelea kunitazama, na uso wake ukabaki uleule wa kumsubiri mtu.

"Nani?" akauliza.

Hotuba yote ikaniyeyuka. "Mimi," nikasema.

"Vipande?" Akasimama haraka, akagonga meza kwa paja. "Vipande! Kaka, mbona hukusema?"

Amekuwa akipoteza macho kwa miaka miwili. Kwanza ya pembeni, kisha ya katikati. Amebakiwa na mwanga na vivuli. Hapokei simu isiyomtangazia jina la mpigaji kwa sauti, na namba yangu, alisema huku akicheka kwa aibu, alikuwa ameihifadhi kwa picha ya shoka ambayo simu haijui kuitamka; kaka yake ameiandika upya kwa herufi. Yale maandishi makubwa kwenye skrini yake, kama ya watoto wa chekechea, niliyokuwa namtania, ndiyo hayo. Reli ya ngazi ndiyo hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenihurumia."

"Na ningekuhurumia kuna ubaya gani?"

"Ungeacha kunibishia." Alikuwa anapapasa meza akitafuta kikombe, nami nikajizuia nisimsogezee. Akakipata. "Kila mtu humu ndani ananikubalia siku hizi. Nikisema leo ni Jumanne, kaka yangu anasema ndiyo. Pale kazini nilikuwa bado mtu mzima."

Nilimwambia nilidhani ameondoka kwa sababu ya ugomvi wetu.

"Ugomvi ule?" Alishangaa kwelikweli. "Ule ulikuwa mzuri. Niliufunga kwa sababu ulinitaka nisome mchoro wako na sikuuona. Sikukosa hoja, mama. Usijidanganye."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu kaka yake akaleta chai akajifanya haoni. Kisha nikamsimulia Mbishi habari za yule dereva. Aliposikia "nimeuliza nani alinituma," aliweka kikombe chini na hakukishika tena.

Jumanne, 22 Aprili

Bosi amekubali mchana nifanyie kazi nyumbani kwa Mbishi. Mimi nasoma, yeye anasikiliza. Ni hivyo tu. Namsomea programu kwa sauti, tangu hospitali inaposema "tumefunga" hadi dereva anaposikia. Kanuni yake moja: akipoteza njia anasema "nimepotea," nami naweka alama.

Leo amepotea kwenye kipande cha tatu.

"Rudia."

Nikarudia. Akapotea palepale.

"Hapa nani anamwambia nani?"

"Hamwambii mtu. Anaacha ujumbe."

"Na nani anauchukua?"

"Yeyote anayehusika."

"Nani anahusika?"

Ilinibidi nifungue vipande vitano vingine kumjibu. Hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imekata mchana, ikarudi saa kumi. Amepotea mara nyingi. Sauti yangu imekwisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya ubishi, ubishi halisi, tangu chakula cha mchana mpaka kaka yake akauliza kama kuna usalama.

Hospitali tumekubaliana. Kabla ya gari kutumwa, kipande kinachotuma kitaiuliza hospitali uso kwa uso: mnampokea huyu sasa? Mlango mmoja, swali moja, na jibu ni ndiyo au hapana. Ukimya nao ni hapana. Huwezi kukisia jambo kama hilo kwa habari za zamani. Nilipousoma mlango huo kwa sauti ulikuwa mfupi kiasi kwamba Mbishi alingoja niendelee.

"Umeisha," nikamwambia.

"Umeisha?" Akatabasamu kama mtu aliyepewa maji.

Basi akataka na ramani iwe hivyohivyo. Nikakataa.

"Ramani ikae mbali, kwenye foleni yake. Ilikufa siku ile na simu zikaendelea. Ingekuwa inaulizwa, tungekufa wote."

"Utaacha kitu kimoja kiulizwe na kingine kiachiwe barua? Huo ni mchanganyiko. Atakayekuja baada yako atachanganyikiwa."

"Atachanganyikiwa kidogo. Lakini dereva anaweza kuendesha bila ramani. Hawezi kumshusha mgonjwa kwenye geti lililofungwa."

Akaegemea kiti, macho yake yasiyotulia yakielekea darini.

"Kwa ramani, umeshinda," alisema. "Usizoee."

Baadaye, nikiwa nakusanya vitu vyangu, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Unajua, sina hakika tena. Nilikuwa napenda milango michache kwa sababu ni sahihi, au kwa sababu nilikuwa siwezi tena kuitafuta?"

"Huenda vyote viwili."

"Nataka kimoja."

"Najua," nikamwambia, na hiyo ndiyo nafuu pekee niliyoweza kumpa.

Jumatano, 30 Aprili

Nafuta. Hakuna kazi tamu kama kufuta. Mkaguzi wa mkaguzi ameondoka leo, hakuna aliyemlilia.

Jumanne, 6 Mei

Imewashwa upya. Kwanza niliisoma yote kwa Mbishi kwa mara ya mwisho, safari nzima ya mgonjwa mmoja. Hakupotea. Alifuata kwa kidole mezani, kama anaendesha gari, na nilipofika "mlango umefunguliwa, mgonjwa amepokewa," alipiga meza kofi moja.

Wapokea simu wameacha kupigia hospitali. Mmoja wao amenisalimu kwenye ngazi.

Nilikwenda pia hospitali kumwona yule fundi. Amekwisha kuruhusiwa. Dereva, niliyemkuta nje akipangusa vioo vya gari, aliniambia amerudi nyumbani, amekaa mlangoni, anawafokea vijana wake namna ya kushika randa.

"Mkewe nilimwambia," akaongeza.

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama huyo mtu ana watoto. Nikasema sijui." Aliendelea kupangusa. Sikujua swali hilo lilitaka nini, nami nikamwambia sina watoto.

Jumapili, 11 Mei

Mbishi ameondoka leo na kaka yake. Anakwenda chuo kinachowafundisha watu waliopoteza macho kutumia kompyuta kwa masikio. Mashine inasoma, wewe unasikiliza, unaandika. Miezi sita. Bosi alimwahidi meza yake. Mbishi akasema ataona, kisha akajirekebisha: atasikia.

Niliwasindikiza hadi gari lao. Nilitaka kumshika mkono, sikujua kama itakuwa huruma. Yeye ndiye aliyeushika wangu, akanivuta.

"Watakupa mtu mpya," alisema. "Akikukubalia kila kitu, mfukuze."

Kaka yake akawasha gari. Mbishi akapunga mkono upande wa mti, nami nikasogea nikasimama pale alipokuwa anapungia.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna jipya. Chumba, feni.

Jumanne, 20 Mei

Manyunyu. Nimejaribu kuisoma programu kwa sauti nikiwa peke yangu ofisini. Msafishaji alichungulia, akafunga mlango taratibu.

Jumanne, 27 Mei

Mvua nyepesi, huenda ya mwisho. Asubuhi nzima ramani imekuwa imelala na nimeiacha ilale.

Mchana nilikuwa naangalia skrini bila sababu. Gari moja limemchukua mama mjamzito, na programu imeiuliza hospitali ya mlimani: mnampokea huyu sasa? Jibu, hapana. Nikainua simu, nikawapigia: bomba kubwa limepasuka kwenye chumba cha upasuaji, wamefunga muda mfupi uliopita. Nilipogeuka kwenye skrini, kidoti kilikuwa kimeshakata kona, kinakwenda hospitali nyingine, kwa mwendo wake wa kawaida. Dereva hakujua kwamba kuna lililotokea. Yule mama hakujua. Nilikitazama hadi kikafika, hadi ikaandikwa, amepokewa.

Nikasimama. Nilitaka kumwambia mtu, na chumbani hapakuwa na mtu. Bosi yuko safarini. Chini walikuwa na simu zao. Ningewaambia nini, kwamba hakuna kilichoharibika? Nikafungua dirisha, nikafunga, nikampigia Mbishi. Haikupokewa, yuko darasani saa hizo. Nikakaa.

Baadaye kidogo simu ikaita.

"Nimetoka nje," alisema, akinong'ona. "Mwalimu ni mkali. Kuna nini?"

"Leo imeuliza."

"Nani?"

"Programu. Imeiuliza hospitali ya mlimani, ikaambiwa hapana, ikampeleka mgonjwa kwingine. Amefika."

"Iliuliza mara moja?"

"Mara moja."

"Ikajibiwa upesi?"

"Upesi."

"Na ramani?"

"Imelala tangu asubuhi. Hakuna aliyejali."

Alicheka kwa pua, kile kicheko cha mtu anayekubali shingo upande. Hatukuwa na la kuongeza. Nyuma yake nilisikia mashine nyingi zikisoma kwa pamoja, kila moja na lake, na yeye labda alisikia manyunyu kwenye kioo cha dirisha langu. Mwalimu wake aliita. Hakujibu. Tulibaki hivyo, na hakuna aliyekata simu.